Fangasi, Zinki na Kichwa cha Hamisi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja mjini Same, mkuu wa maabara hakunipa hata sindano. Alinikalisha mbele ya darubini akasema, "Binti, kwanza jifunze kuona. Kuandika majibu kutafuata." Nilitazama matone ya damu mpaka shingo ikakakamaa. Baadaye nilihamishiwa Chome, kule juu kwenye baridi, kisha Maore, na mwishowe nikarudishwa Same. Safari hii mkuu wa maabara nilikuwa mimi.

Ndipo akaletwa Hamisi, mkata mkonge aliyetoka Kigoma. Kichwa kilikuwa kikimuuma kwa wiki kadhaa, na malaria hakuwa nayo. Mganga mfawidhi, yaani daktari msimamizi wetu, alimtoa maji ya uti wa mgongo, nami nikayachanganya na tone la wino mweusi. Katika weusi ule vikajitokeza viduara vyenye ukingo mpana mweupe. Fangasi. Walikwisha kuingia kwenye utando wa ubongo.

Mkewe, Zaituni, alikuwa ameshafunga mizigo.

"Nampeleka kwetu," alisema. "Nimempa vidonge vya zinki, vile vya watoto wanaoharisha. Niliambiwa vinaongeza kinga. Mbona hapati nafuu?"

Mganga mfawidhi akavuta kiti. "Dada, zinki ni madini tunayohitaji kidogo sana, lakini bila hayo hatuishi, na fangasi vilevile. Mwili ukivamiwa huyaficha, ili adui afe njaa. Fangasi nao ni wajanja. Wana vijilango vya kuyavutia ndani hata yakiwa haba. Mwili ukigeuza mbinu ukawamwagia zinki nyingi iwe sumu, wao huifungia ghalani mwao."

"Kwa hiyo mimi nimewalisha?" Machozi yalimlengalenga.

"Sidhani kama vidonge vyako vimemdhuru. Ila haviwezi kumponya. Dawa ya fangasi ipo, ya dripu. Ukimwondoa leo, naogopa atakufia njiani."

Zaituni alimtazama mumewe. Kisha akafungua mzigo mmoja, akatoa sufuria.

"Jiko la ndugu wa wagonjwa liko wapi?"

Dawa ile ilimtetemesha Hamisi kwa homa, na maji ya mgongo yalitolewa tena na tena kupunguza mgandamizo kichwani. Kila nilipoyatazama kwa darubini, viduara vilikuwa vimepungua. Alitoka wodini kwa miguu yake, ingawa ugonjwa ulikuwa umekaribia kuyaziba masikio yake kabisa.

Sasa nimestaafu, nalima maharage Suji, huku milimani. Nikiikumbuka kazi yangu, siwazi mashine. Nawaza jinsi uhai wa mtu unavyoweza kugombaniwa kwa chembe ya madini isiyoonekana kwa macho, na jinsi mwanamke mmoja alivyoamua kubaki.

Mwezi uliopita yeye na mumewe walipanda mlima kuja kunijulia hali.

"Shikamoo, mama!" Hamisi alipiga ukelele, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Majirani wakatoka nje kutazama kuna nini.

Nami nikapaza sauti mpaka kifua kikauma: "Marahaba, mwanangu! Karibuni!"