Kitufe cha SALAMA

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikianza sipendi kukatizwa. Jambo hili limenipata mimi mwenyewe, Kariakoo, Ijumaa, mchana kweupe, na sikuwa nimelala wala sikuwa nimetumia kitu. Mimi ni mtu wa kompyuta. Naandika programu, zile za dirisha linalofunguka lina vitufe, ukibonyeza hiki kinatokea kile. Kazi hii imenizoesha kuamini kwamba kila kitu kina sababu, na usipoiona basi hujatafuta vizuri. Siku hizi ukiniuliza naamini nini, nitakujibu tuongee mambo mengine.

Mama Manka anauza mapazia na mashuka kwa jumla. Duka lake liko chini, stoo iko ghorofa ya tatu, na ngazi za jengo lile ni nyembamba, mtu mwenye robota la mashuka begani hapiti. Kwa hiyo mzigo unashushwa na winchi ya umeme kupitia dirisha la nyuma, mpaka uchochoroni. Winchi inaendeshwa na kompyuta. Zamani zilikuwa mbili. Moja juu, kwa Shabani, karani wa stoo, ina kitufe kimeandikwa SHUSHA. Nyingine chini, kwenye mlango wa uchochoro, alikuwa anakaa nayo mzee mmoja, Mzee Kombo, na hiyo ilikuwa na kitufe kimoja tu: SALAMA. Utaratibu wao ulikuwa kwamba Shabani akishafunga robota, mzee anatazama uchochoroni, akiona hakuna mtu anabonyeza SALAMA. Hapo ndipo SHUSHA ya juu inakubali. Mzee asipobonyeza, Shabani abonyeze mpaka kidole kiote sugu, robota haliendi popote.

Mzee Kombo akafariki. Maradhi tu, kitandani kwake, hakuna aliyemdhuru. Mimi sikuwahi kumwona, maana niliitwa baada ya msiba. Nilikuta Shabani akifunga mzigo juu, anashuka ngazi kubonyeza SALAMA, anapanda tena kubonyeza SHUSHA. Magoti yanamuuma, wateja wananung'unika, Mama Manka anafoka. Nikaambiwa niondoe huo usumbufu.

Nikauondoa, na wala haikuchukua muda. Nikueleze kidogo, hakuna ugumu. Kitufe kwenye skrini ni picha tu. Kinachofanya kazi ni maelekezo uliyoyafunga nyuma yake. Mtu akibonyeza, kompyuta inayaita yale maelekezo. Nikafuta kitufe cha SALAMA, nikafuta maelekezo yake, nikafuta na lile sharti la kuisubiri. Kompyuta ya chini tukaichomoa, tukaitia kwenye boksi pamoja na mausi yake, tukalipiga utepe wa gundi na kulisukumia chini ya meza ya marehemu. Unadhani kuna aliyeuliza uchochoroni atatazama nani? Shabani alisema atakuwa anachungulia dirishani. Tukaridhika.

Haikupita wiki, simu. Fundi njoo, SHUSHA imegoma.

Nikaenda, nikabonyeza mbele yao, robota likashuka vizuri kabisa. Shabani akaniapia kwamba ilikuwa imegoma. Nikarudi zangu Magomeni, sijavua hata viatu, simu tena. Yaani ingekuwa inagoma moja kwa moja ningeshukuru, kitu kilichokufa unakifufua. Hii inakubali mara tano, ya sita inakataa, ukisubiri kidogo inakubali tena. Nyumbani kwangu programu ileile nilibonyeza mpaka mke wangu akaniuliza kama nina akili timamu. Haikugoma hata mara moja. Nikabadilisha mausi. Nikabadilisha waya wa winchi. Nikaifuta programu yote na kuiweka upya. Wapi. Nilikuwa naota vitufe, niamini, nakula huku kidole kinabonyeza meza.

Mwishowe nikaiwekea kumbukumbu: kila kitufe kikibonyezwa, programu iandike jina la kitufe na saa. Kesho yake nikafungua kusoma. Mistari mingi ilikuwa ya kawaida, SHUSHA imebonyezwa, mzigo umeshuka. Halafu hapa na pale mstari huu: SHUSHA imebonyezwa, imezuiwa, SALAMA bado.

Nikausoma tena na tena. Maneno yale nilikuwa nimeyafuta kwa mkono wangu. Nikapekua programu nzima kutafuta neno SALAMA, herufi kwa herufi, halimo. Sasa niambie wewe, kitu ambacho hakimo kinazuia vipi? Hasira zilinipanda nikatamani kuitupa ile kompyuta dirishani, ishuke yenyewe bila winchi.

Mama Manka naye hakunionea huruma. Aliniita pembeni, hakupandisha sauti, na mwanamke yule asipopandisha sauti ujue umekwisha. Akaniambia Jumatatu winchi ikigoma anamwita mwingine, na mtaa mzima utajua kwa nini. Kariakoo ndiyo inayonilisha. Duka moja likisema wewe ni wa hovyo, la pili halikupokei.

Basi Ijumaa ile nikaamua kulimaliza. Shabani alikuwa ameenda msikitini, Mama Manka yuko bandarini anafuatilia kontena lake, duka limefungwa nusu mlango. Nilibaki peke yangu ghorofa ya tatu na robota moja la mapazia limening'inia kwenye ndoano nje ya dirisha. Nikatengeneza kitufe kipya, maelekezo yake mafupi kabisa: kikibonyezwa, kiamrishe winchi ishushe, kisiulize kitu, kisisubiri kitu. Kazi chafu, najua, fundi anayejiheshimu hafanyi hivyo. Nilikuwa nimechoka. Halafu njaa nayo, nikampigia Mama Zuhura, mama lishe wetu, aniletee wali maharage.

Kabla ya kubonyeza nikashuka kwanza kuangalia kisanduku cha umeme. Nikakuta mzee amekaa kwenye ile meza ya mlango wa uchochoro. Kanzu, kofia, miwani imefungwa uzi. Nilidhani ni mzee wa mtaani amekuja kupumzika kivulini, ingawa niliona ajabu kidogo kwamba saa ile hayuko msikitini. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, lakini hakugeuka. Macho yake yalikuwa nje, uchochoroni. Kidole cha shahada kilikuwa juu ya meza tupu, kimetulia.

"Wewe ndiye fundi?" akaniuliza.

Nikamwambia ndimi.

"Kitufe changu umekipeleka wapi?"

Nikadhani huyu labda alikuwa akimshikia marehemu zamu, na sasa na yeye amekuja kunilaumu. Nilichosikia ni kero tupu. Nikamweleza kwa kifupi kwamba kile kitufe tumekiondoa, kilikuwa kinachelewesha kazi na hakina mtu wa kukibonyeza.

"Nani kakwambia hakina mtu?"

Nilimwona mzee msumbufu, nikamwomba radhi ya mdomoni tu, nikapanda ngazi zangu. Ningejua ningekaa nikamsikiliza. Lakini mtu mwenye hasira anasikiliza nini?

Nikaketi, nikabonyeza kitufe changu kipya. Winchi ikanguruma, robota likaanza kushuka, na mimi nikacheka peke yangu kama mwendawazimu kwa furaha. Likashuka, likapita ghorofa ya pili, likapita ya kwanza. Halafu kimya. Winchi imesimama. Kwenye skrini, katikati, mahali ambapo mimi sikuweka kitu chochote, maneno: SALAMA bado.

Nikabonyeza tena. Nikabonyeza mfululizo, nikaipiga ile mausi kwenye meza mpaka ikapasuka pembeni, natukana matusi ambayo mama yangu asingependa kuyasikia. Kitufe hakina sharti! Nimekiandika mwenyewe dakika chache zilizopita, kitasubiri nini? Nikasimama kwenda dirishani nione robota limenasa wapi.

Halikuwa limenasa. Lilikuwa linaning'inia juu ya kichwa cha Mama Zuhura, kati yake na lile robota pangepita labda mkono wangu mmoja ulionyooshwa. Yeye hana habari. Kamba ya ndala yake ilikuwa imechomoka, ameinama pale uchochoroni anairudisha kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika sahani yangu iliyofunikwa. Chakula changu mimi, nilichokiagiza mimi. Nilitaka kumwita, nikaogopa asije akashtuka akasimama palepale. Nilishika fremu ya dirisha, nikawa namtazama anavyohangaika na ile kamba. Akaipata. Akavaa ndala, akajinyoosha, akasogea kuingia mlangoni.

Alipoingia tu, nyuma yangu nikasikia kitu kinabonyezwa, mlio ule mdogo wa mausi. Mausi yangu ilikuwa mezani, imepasuka, hakuna mkono. Winchi ikaanza yenyewe, na robota likashuka taratibu mpaka chini.

Nikageuka kusoma skrini. Mstari wa mwisho wa kumbukumbu ulisema: SALAMA imebonyezwa.

Zile ngazi sijui nilizishukaje. Chini nilikutana na Mama Zuhura ananiuliza mbona natoka jasho kama kuli, wali utapoa. Kwenye meza hapakuwa na mtu. Nikamuuliza mzee kaenda wapi, akasema mzee gani, pale mlangoni hajapishana na mtu. Boksi lilikuwa chini ya meza palepale, gundi haijaguswa, vumbi limelala juu yake.

Mama Manka aliporudi nikamsimulia, nikitegemea atanifukuza saa ileile. Hakuniuliza kuhusu kanzu wala miwani. Aliniuliza swali moja: "Alikutazama?"

Nikamwambia hapana, macho yake yalikuwa nje muda wote.

Akakaa kwenye robota. Akasema miaka yote aliyofanya kazi na Mzee Kombo, mzee akiwa kwenye meza ile hakuwahi kumtazama mtu usoni, hata yeye bosi wake, hata siku alipokuja kumpa pole ya kufiwa na mke. Kisha akachukua kisu cha kukatia majora, akachana gundi ya lile boksi, akatoa mausi ya marehemu na kunipa mkononi. Ilikuwa na joto. Siyo joto la jua, maana boksi lilikuwa kivulini. Lile joto la kitu ambacho mtu amekishika muda mrefu akakiachia sasa hivi.

Jioni ileile nilirudisha kitufe cha SALAMA, nikarudisha maelekezo yake na sharti lake, na kompyuta ya chini ikarudi mezani. Siku hizi anakaa pale dada wa Shabani, mtu makini, na SHUSHA haijagoma tena hata siku moja. Kumbukumbu nilizifuta, sitaki kuzisoma. Mausi ile sijathubutu kuitumia. Iko kwenye droo ya Mama Manka. Na mimi kazi zangu zimekuwa za polepole, wateja wanalalamika, kwa sababu kila kitufe nikitaka kukibonyeza nasimama kwanza nachungulia nje, hata nikiwa nyumbani chumbani ambako nje kuna ukuta tu.

Mama Zuhura bado ananiletea wali. Ananitania kwamba nimekuwa mpole, nampokea sahani kwa mikono miwili kama mkwe. Sijamwambia, na sijui nitaanzia wapi kumwambia.

Kwa hiyo wewe unayefanya kazi kama yangu, ukikabidhiwa programu ya watu ukakuta kitufe ambacho huoni faida yake, usiwe na kidole chepesi cha kufuta. Shuka chini kwanza, usimame pale, uone ni nani anapita.