Dawa Alizokataa Kunibebea Festo

Nakumbuka asubuhi ile ya baridi, ukungu umekaa hadi dirishani pa wodi, nesi ananifungua koti anamtoa mtoto kifuani. Nilikuwa nimemlaza pale ngozi kwa ngozi apate joto, maana alizaliwa kwa mimba ya miezi saba, mwepesi kama kifaranga. Nesi akasema, "Pole mama, amepumzika." Nikamwambia, mbona bado ana joto? Lile joto lilikuwa langu.

Sasa, mwanangu, wewe uliyeolewa juzi na tayari una tumbo, kaa nikueleze. Shule niliiachia njiani, lakini hili nalijua.

Kliniki ya mimba ndiyo iliyonipima ikanikuta na virusi, nikaanzishiwa dawa. Sikuzichukulia Njombe. Nani achukulie Njombe, mashemeji kila kona? Nilipanda gari hadi Makambako, na wa Makambako wanapanda kuja Njombe kutukimbia sisi. Tunapishana barabarani, upuuzi mtupu! Kopo nililijaza pamba, vidonge visilie.

Mume wangu Festo, mpasua mbao, nilimwambia ukweli. Akajibu, "Mimi mzima. Hayo ni yako."

Tumbo lilipokua, mama yake akanisalimu kwa kejeli, akanizuia. "Kamwene, mke wa mwanangu! Kila mara Makambako, una bwana huko?" Kwetu mkwe akishasema mjamzito asipande gari, umekwisha. Nikambembeleza Festo, yeye aliyekuwa akipeleka mbao Makambako kila wiki: "Nichukulie tu, baba."

"Mimi nisimame dirisha lile? Watu watanionaje?"

Dawa zikaisha. Nikakaa bila. Uchungu ukanikuta shambani, navuna viazi.

Baadaye nesi alinieleza taratibu. Mwilini tuna chembe za kinga, kama askari. Virusi vikiachiwa vinaua baadhi yao, na waliobaki wanavurugika, mwili unachemka ndani kwa ndani hata kwenye nyumba ya uzazi, na mtoto anaweza kutoka kabla ya wakati. Nikamuuliza, ndicho kilichomtoa wangu? Akasema hawezi kuapa, wapo wanaojifungua mapema bila virusi. Ila kukatiza dawa kuliongeza hatari. Haya, aliyeiongeza nani?

Baada ya msiba nilitafuta kitambaa kwenye boksi la msumeno wa Festo. Nikakuta kopo. Nikalitikisa: kimya. Pamba, kama langu. Jina lake, na kituo kile kile cha Makambako. Alikuwa akisimama dirisha lile lile, anachukua zake, anarudi kwangu mikono mitupu!

Mwanangu, dawa haiombewi ruhusa kwa mkwe. Meza ukiona aibu, meza ukitukanwa. Chukulia kituo cha jirani, wakutazame mpaka wachoke. Ukizuiwa safari, mwambie nesi kabla kopo halijaisha. Na mume akisema ni mzima, apimwe wewe ukiwepo. Mimi nilirudi kwenye dawa, sikuziacha tena, nikazaa binti aliyetimiza miezi yake, hana virusi. Mungu akulindie tumbo lako hivyo hivyo, mtoto alie mpaka wa ng'ambo ya bonde wamsikie.

Na wewe Festo, mama yako yu hai, na ukoo unakutana Uwemba viazi vikishavunwa. Nitakuja. Simama mbele yao unijibu: zako ulizibeba, zangu zilikuwa nzito kiasi gani?