Msangu wa Kalenga, Mhehe wa Usangu

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa ukungu wake. Ulikuwa umeshuka mpaka vizingitini mwa nyumba zetu hapo Kalenga, na watu waliokuja kumaliza matanga ya babu yangu walikaa wamejifunika mablanketi, humtambui mtu mpaka akohoe. Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru bado, nami nilikuwa msichana niliyekwisha kuposwa. Baba yangu mkubwa, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mwenye mji, alimwita Bibi Agata mbele ya watu wote.

Nikueleze kwanza Bibi Agata alikuwa nani. Alikuwa mke mdogo wa babu. Hakumzaa baba yangu, na yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Lakini mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya, na Bibi Agata ndiye aliyenifunga mgongoni akanilisha uji wa ulezi. Kwa asili alikuwa Msangu. Alitekwa katika vita vya zamani vya Wahehe na Wasangu, angali mtoto mdogo mno, akaletwa Iringa, akakua, akaolewa, akabatizwa. Alilima pamoja nasi, alizika pamoja nasi, hata usingizini aliweweseka kwa Kihehe. Ila watu walimwita yule Msangu, nyuma yake na wakati mwingine mbele yake. Naye alikuwa akiitika.

“Mama,” baba mkubwa alisema, “aliyekuleta hapa ametangulia. Hatuna ugomvi nawe. Lakini kila mtu ana kwao. Afadhali ukazeekee kwenye ukoo wako.”

“Kwetu wapi, baba?”

“Usangu.”

Hakuna aliyepinga. Kila mtu alijua habari ya kinyungu chake, ile bustani ya bondeni isiyokauka mwaka mzima, ambayo baba mkubwa aliitaka kwa ajili ya mke wake mpya. Baba yangu alitazama moto tu. Nilimtegemea aseme neno, mwanangu. Alichokoa kuni, basi.

Bibi hakulia. Alitandaza kitenge, akaweka nguo zake na rozari, akafunga. Niliambiwa nimsindikize.

Tulipanda lori pale Iringa mjini, tukakaa juu ya magunia, tukapita Mufindi kwenye baridi, tukateremka upande wa Mbeya mpaka jua likaanza kutuunguza. Tulipoiacha barabara kuu tulitembea kwa miguu kwenye tambarare ya Usangu. Bibi alikuwa akisimama kila baada ya muda, anaangalia huku na huku. Nilidhani anatafuta njia. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anatafuta kitu chochote anachokikumbuka. Hakukipata.

Tulielekezwa kwenye mji wa mzee mmoja, ambaye ukoo wake ulikuwa na jina lile pekee ambalo Bibi alilibeba tangu utotoni. Mzee alikuwa amekaa nje anasuka kamba. Bibi alipiga magoti, akamwamkia kwa Kisangu cha kubahatisha. Kisangu na Kihehe ni lugha ndugu, lakini sikio la mwenyeji halidanganyiki. Yule mzee aliweka kamba chini, akatujibu kwa Kiswahili, kama anavyojibiwa mgeni.

“Wewe mama ni Mhehe.”

“Mimi ni mtoto wa hapa. Nilichukuliwa vitani.”

“Wahehe waliichoma nyumba ya baba yangu,” mzee alisema. Hakupaza sauti. “Walichukua ng’ombe, wakachukua dada zangu. Leo wanatuletea wazee wao tuwazike?”

“Nami nilikuwa ndani ya nyumba iliyochomwa.”

Nadhani mzee alitaka kuamini, maana aliinuka akamsogelea. Akasema, “Basi nitajie jina la mama yako.”

Bibi alikuwa bado amepiga magoti.

“Nilikuwa mdogo,” alisema. “Nilimwita mama.”

Mwanangu, nimezika watoto wawili tangu siku ile, lakini sijasikia neno lililoniumiza kama hilo. Mzee aliinama akaiokota kamba yake. Alituruhusu tulale kwenye kibanda cha ndama, na mkewe alituletea ugali na maziwa, akaviweka mlangoni bila kuingia.

Sisi watu wa milimani hatukuiweza homa ya tambarare. Bibi ilimshika upesi, na mwili wake ulikuwa umechoka. Nilimkanda kwa maji huku hasira inanipanda, mpaka nikasema, “Hawa Wasangu hawana utu. Ni wanyama hawa!”

Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

“Nyamaza. Sasa hivi umesema kama baba yako mkubwa.”

“Lakini Bibi, wamekulaza na ndama!”

“Yule mzee anawalilia dada zake. Anaponiangalia anawaona waliowachukua. Amekosea, lakini usiwaite watu wote wa hapa jina moja kwa kosa lake. Mimi nimeitwa hivyo maisha yangu yote. Ukiitwa kabila kila siku, mwisho hakuna anayekumbuka kukuuliza unaumwa wapi.”

Alipumzika, akaendelea taratibu, “Ukiulizwa mimi ni nani, sema ni yule aliyekulea. Hilo nina hakika nalo.”

Alifariki asubuhi, ng’ombe wakitolewa kwenda malishoni. Wanaume wa mji ule walibishana hapo hapo nje, azikwe wapi. Walimzika kando ya njia, mbali na makaburi ya ukoo. Padre hakuwapo, nilisali Baba Yetu peke yangu. Watu walipotawanyika, yule mzee alibaki amesimama. Aliniuliza kama Bibi alikuwa na alama ya kuungua begani, kama aliyokuwa nayo dada yake mmoja. Nikamwambia sikuwahi kuiona, nami nilikuwa nimemkanda mabega yote mawili kwa mikono yangu. Alitikisa kichwa akaondoka. Mpaka leo sijui kama jibu langu lilimpa nafuu au lilimwongezea uchungu.

Niliporudi Kalenga, baba mkubwa aliuliza swali moja tu: “Alifika?”

Nikamjibu, “Hakufika.”

Kinyungu kilikuwa kimeshapandwa mahindi mapya. Niliolewa huku Igowole, Mufindi, na sikurudi tena kula mahindi ya bonde lile.

Nimekueleza haya, mwanangu, kwa sababu juzi nilikusikia ukimtaja jirani yetu kwa kabila lake, ukacheka, na wenzako wakacheka. Sikukukemea mbele yao. Nakukanya sasa. Mtu si jina unalompa kutoka ng’ambo ya ua. Muulize anaitwa nani, analima nini, nani anamngoja nyumbani, halafu umsikilize anavyojibu mwenyewe. Ukimwonea kwa sababu ya waliomzaa, ipo siku nawe utapita penye watu wasiokujua, utaulizwa jambo usiloweza kulijibu. Na wakikaa kumfukuza mtu mbele yako, usichokoe kuni. Sema. Hata sauti ikikutetemeka, sema.

Mungu akulinde safarini na nyumbani. Akupe ulimi wa kumtetea asiye na ndugu, na popote utakapofika ukakosa la kujibu, akukutanishe na mtu atakayekukaribisha ndani hivyo hivyo.