Mama Aliyekwenda Jikoni

Mimi ni mkunga, mikono yangu haijazoea kukaa bure. Sasa nasomea tiba ya nafsi, na kabla hujapewa mgonjwa hata mmoja, ni lazima kila wiki uende nyumbani kwa mama mwenye mtoto mchanga, ukae kitini utazame tu. Kusaidia ni marufuku. Tunafundishwa kwamba wale waliotupakata utotoni tunaendelea kuwabeba moyoni hata wakishaondoka. Makubwa! Kwani nani hajui?

Juzi yule mama ninayemtembelea alimlaza mtoto kwenye mkeka, akaenda jikoni kuepua maziwa. Mtoto akageuza shingo kuutazama mlango. Akalia, akashika kitambaa chake, akakinyonya. Mimi nikakalia mikono yangu isije ikamnyanyua.

Darasani tunasimulia kwa kichwa, bila karatasi. Nikasimulia mlango, kilio, kitambaa, mpaka mate ya kidevuni. Nilipomaliza, mwalimu wetu, mzee asiye na haraka, akaniuliza:

"Dada, na mama je? Hakurudi?"

"Alirudi, mwalimu, tena upesi. Akamnyonyesha, mtoto akacheka."

"Mbona hukutuambia?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali kwamba nimesahau tu. Lakini haikuwa kusahau. Mimi nimelelewa na shangazi. Asubuhi moja mama aliniacha kwake, akasema anafika dukani mara moja, na mpaka leo, uzee huu, kitasa kikilia nageuza shingo.