Ngazi Kumi na Nane

Mtaani walimwita Meneja, naye hakuwahi kumsahihisha mtu. Kila asubuhi alitoka kwenye vyumba viwili alivyoishi na mama yake, suti ya kijivu imenyooka, tai imekaa, mkononi mkoba wa ngozi ambao ndani yake hamkuwa na kitu ila mkate na chupa ya chai. Aliwaambia watu kwamba yuko kwenye ofisi za bima, lile jengo la vioo katikati ya mji, ghorofa ya sita. Ukimchimba zaidi, anatazama saa.

Ukweli ni kwamba alikuwa anafua mashuka ya hospitali, na mwaka huo ulikuwa wa kumi na moja. Aliingia kwa geti la nyuma, akashuka kwenye chumba cha kufulia, akaitundika suti kabatini na simu ikiwa mfukoni mwa koti, kwa kuwa maji ya kule hayana adabu, kisha akavaa aproni na viatu vya mpira. Na kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Shuka lenye damu alilianza kwa maji baridi, maana ya moto huigandisha damu kwenye uzi. Wenzake walikuwa wakimuuliza yeye. Mshahara haukuwa wa kujivunia, lakini kodi ililipwa na hawakulala njaa. Mwingine angemshukuru Mungu. Yeye akisikia neno "mfuaji" alijiona ametukanwa. Mara mbili alipata mchumba, na mara mbili alimwacha kwa sababu tu mwanamke alisema siku moja atapita kazini kumsalimia.

Mama yake ndiye aliyempigia mashati pasi, huku akimsikiliza akisimulia jinsi mkurugenzi alivyomsifu mbele ya watu.

"Haya, mwanangu," alisema. "Ila mikono yako imechakaa sana kwa mtu wa kalamu."

"Ni karatasi, mama. Karatasi zinakausha ngozi."

Mama akaligeuza shati upande wa pili.

Jumanne moja mashine iliharibika, akashinda akihangaika nayo bila kula. Saa tisa alasiri ndipo alipofungua kabati kuchukua chai yake, akaikuta simu imepigwa mara kumi na moja, zote na jirani yao, seremala. Akampigia.

"Uko wapi wewe?" seremala alifoka. "Mama yako kaanguka bombani tangu asubuhi. Tuko naye hospitali, wodi namba nne. Hali mbaya. Anakuita, njoo sasa hivi!"

Wodi namba nne ilikuwa juu ya kichwa chake. Kulikuwa na ngazi kumi na nane, na kila siku alizipanda na kikapu cha mashuka safi begani. Angepanda na viatu vyake vya mpira, angefika seremala bado ana simu sikioni.

Hakupanda. Nikifika hapa natamani kumkamata mtu huyu kola nimtikise. Alijitazama: aproni imelowa, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu inanuka dawa ya madoa.

"Nipe dakika chache," alisema. "Natoka mjini."

Akavua, akavaa. Tai ikaenda upande, akaifungua akaanza upya. Akatoka kwa geti la nyuma, akauzunguka ukuta wote wa hospitali ili aingie kwa geti kubwa, aonekane anatoka barabarani. Karibu na mlinzi alisimama akafuta vumbi kwenye viatu. Yote hayo yalimla dakika ishirini.

Mlangoni pa wodi alimkuta seremala kasimama, mkewe kajiinamia analia, akajua.

"Sasa hivi tu," seremala alisema. "Hata dakika kumi hazijapita." Halafu, bila kumtazama usoni: "Mchana nilikwenda kule bima kukutafuta. Mlinzi kasema hawakujui."

Muuguzi akatoka ndani. Akaitazama suti, akamtazama aliyeivaa, akashika mdomo.

"Kumbe ni wewe! Nimeshuka kule chini kumtafuta mwana wa bibi huyu, nikakuta viatu vyako vya mpira tu. Siku nzima bibi alikuwa anatuambia mwanawe ni mtu mkubwa wa ofisini. Mwisho ndipo akanishika mkono akasema, 'Mwanangu yuko hapo chini, anafua. Mwite. Mwambie aje hivyo hivyo alivyo.'"

"Alijua tangu lini?" aliuliza. Aliwauliza wote watatu, mmoja mmoja.

Aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda akalia kwa sauti, na wagonjwa wakageuzia nyuso zao ukutani. Shuka alilofunikwa mama yake alilitambua kwa kiraka kwenye pindo. Alilifua mwenyewe juzi, lilikuja na doa baya la damu ambalo wenzake walisema halitoki. Alilitafuta lile doa kwa kidole, akalikosa. Katika miaka yote kumi na moja hakuwahi kumsimulia mama yake kazi hata moja aliyoifanya kweli.