Chemchemi Yetu na Kisima cha Jirani

Mimi sijui kungoja. Mama alikuwa akiniita kiguu na njia kabla hata sijaanza shule, na hakukosea. Na bado, aki, nikachagua kazi ya kungoja. Nazunguka Uasin Gishu nikichota maji ya visima na chemchemi, nayapeleka maabara Eldoret, halafu natembea kati ya dirisha na mlango siku nenda siku rudi, nikisubiri mashine iseme maji hayo yalitoka wapi.

Wengine hudhani ni uchawi. Si uchawi. Ndani ya maji kuna chembe nyepesi na chembe nzito kidogo, ndizo tunaziita isotopu. Ukiacha maji kwa karai juani, zile nyepesi hupaa kwa wingi, na yanayobaki yanazidi kuwa mazito. Kwa hivyo mvua iliyozama ardhini haraka ina kipimo chake, na maji yaliyokaa kwa kinamasi yakipigwa na jua yana chake. Ukilinganisha maji ya mahali pawili unaweza kusema kama ni ndugu ama wanajuana tu kwa salamu.

Mama anaishi mbele kidogo ya senta ya Ziwa, na chini ya shamba lake kuna chemchemi. Tulikunywa hapo, tukaoga hapo, ng'ombe wakanyweshwa hapo. Halafu ikaanza kupungua. Ukizamisha kibuyu kilikuwa kinakwaruza mchanga.

Ng'ambo ya ua, upande wa kinamasi, anaishi jirani, mjane kama mama. Waliolewa msimu mmoja, wakashikana mikono wakizaa, wakasimama pamoja wakizika waume wao. Sijawahi kumjua mama bila huyo mwanamke. Sasa watoto wa jirani walikuwa wamemchimbia kisima cha mashine, na msimu huo huo chemchemi yetu ikashuka. Mama akajumlisha mwenyewe, akaacha kumsalimia.

"Ananyonya maji yangu kwa chini," aliniambia kwa simu. "Wewe si uko na mashine? Pima, tujue mwizi ni nani."

Nilikosa raha kabisa. Maji mtu anaweza kuletewa kwa bomba, lakini rafiki kama yule, katika umri ule, mama angempata wapi tena? Nilikuwa naona akizeeka peke yake, akiangalia ule ua kama ukuta wa jela. Nikasema nitapima haraka, haya mambo yaishe.

Jirani hakunifukuza. Alinifungulia mfereji wake, akanisimamia nikijaza chupa, akanipa na mursik, yale maziwa ya kibuyu.

"Pima, mwanangu," akasema. "Mama yako akininunia hata chakula hakishuki."

Kabla sijashuka kwa chemchemi yetu, mvua ikamwagika kama imetumwa, na maji ya njiani yakaingia humo na matope yake. Hapo hakuna cha kupima. Nikamwachia mama chupa tupu, nikamwelekeza: mvua ikitulia siku kadhaa, achote pale maji yanapochomoza, ajaze mpaka mdomoni, afunge kabisa asiache hewa, ampe dereva wa lori la maziwa aniletee mjini.

"Mimi si mtoto," akasema.

Chupa ikaja, imefungwa vizuri, hata imepanguswa. Nikapima. Vipimo vya chemchemi na vya kisima vikakaribiana sana. Mama alikuwa akipiga simu kila asubuhi, na siku hiyo alinipata nikiwa bado naikodolea macho karatasi ya vipimo.

"Ni sawa ama si sawa?"

"Yanafanana, lakini mama, ngoja kwanza, kuna kitu sielewi..."

Alikuwa ameshakata. Kumbe ukiguu na njia wangu niliutoa kwake.

Kitu sikuelewa ni hiki: maji ya chemchemi yetu yalikuwa mazito kupita kiasi. Kisima cha jirani kinapata maji kutoka upande wa kinamasi, hayo ningeyaelewa. Lakini chemchemi? Nilizunguka ile meza mpaka mwenzangu wa maabara akaniomba nitoke nje nikapunge hewa.

Jumapili mke wa pasta akanipigia simu, sauti imemshuka. Wakati wa matangazo mama alikuwa amesimama mbele ya kanisa, akasema kuna mwizi wa maji amekaa hapa anaimba, na sayansi ya Eldoret imemshika, na shahidi ni binti yake. Akamwonyesha jirani kwa kidole. Jirani alichukua Biblia yake na leso yake, akatoka, hakuna aliyemfuata.

Woi! Niliendesha gari mpaka Ziwa bila kukumbuka kona hata moja. Nikamkuta mama jikoni akichambua mboga za managu, uso umekaza.

"Mama, yale maji ulichota wapi?"

"Chemchemini. Nichote wapi tena?"

"Halafu ukayafanya nini?"

"Nikayachuja na kitambaa safi. Nikayachemsha."

"Ukayachemsha?"

"Sasa! Bado yalikuwa na rangi. Nipeleke maji machafu huko kwa wasomi waseme nyumba hii haijui usafi? Niliyachemsha vizuri, mpaka yakabaki nusu sufuria. Yakapoa, nikajaza."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, halafu nikajikuta nalia, kwa sababu nusu ya sufuria ilikuwa imepaa juu ya paa pamoja na chembe nyepesi nyingi, na nikapima mabaki nikadhani ni chemchemi. Mama akaacha managu, akaniangalia. Nilipomweleza hakubisha. Alipangusa majani mikononi.

"Kwa hivyo bado hatujui," akasema.

"Bado."

Nilishuka mwenyewe nikajaza chupa nyingine pale pale maji yanapochomoza. Nikayachota pia yale matone yanayovuja kwa mteremko ulio juu yake. Kungoja safari hii kulinitesa vibaya. Nilikuwa nampigia mama, tunaongea juu ya ng'ombe, juu ya mahindi, kila kitu isipokuwa jirani. Jumapili hakwenda kanisani. Alisema goti linamsumbua.

Majibu yakatoka. Nilienda kumwambia ana kwa ana, maana simu ilikuwa imetuharibia ya kutosha.

"Maji ya kisima chake na ya chemchemi yetu hayana undugu," nikamwambia. "Yake yanatoka huko kwa kinamasi. Yetu ni mvua ya juzi juzi, inazama hapa juu kwa mteremko, inashuka moja kwa moja."

"Hapa juu wapi?"

"Hapa kwetu, mama."

Tukainua macho pamoja. Huko juu ilikuwa imesimama mikaratusi, mirefu, imenona, safu kwa safu. Aliipanda mwenyewe baada ya baba kufariki, akaimwagilia kwa mtungi mche mmoja mmoja. Isotopu haziwezi kuapa ni nani amekunywa maji, zinasema tu yalipita wapi. Lakini hakuna mkulima wa huku asiyejua mkaratusi unavyokunywa.

"Tafuta mtu wa msumeno," mama akasema. "Na Jumapili nitasimama tena pale mbele, waliosikia ile wasikie na hii. Lakini siwezi kungoja Jumapili."

Akavaa nguo yake ya kanisa, tukazunguka ua kwa miguu. Mimi nilikuwa nimepanga maneno, nimebeba hata ile karatasi ya vipimo. Geti la jirani lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, kitu sijawahi kuona pale.

"Chamgei," mama akaita.

Jirani alitoka polepole, akasimama upande wake. Hakurudisha salamu. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Umekuja kumtafuta mwizi?" akauliza.

Mama akashika geti kwa mikono miwili.

"Hapana," akasema. "Nimemleta."

Jirani alimwangalia. Halafu akaanza kufungua mnyororo.