Sala Inayojianza Yenyewe

Mwaka 1999 Kanyua alikuwa karani wa ushirika wa maziwa huko Kiirua. Kompyuta yake ya Linux ilikuwa na folda moja ya ajabu: programu yoyote ukiiweka humo, inajifungua yenyewe ukishaingiza nenosiri. Mwenyekiti, ambaye ni baba mkwe wake, akataka kalenda iwekwe humo. Mweka hazina akataka saa. Kisha wakarekodi sala ya asubuhi, nayo ikawekwa humo, ili mashine iwaombee wote kabla ya kazi. Kanyua, mke wa mwana wa mwenyekiti, angekataaje?

Basi kila asubuhi mashine ikawa inajikokota kuvifungua vyote mpaka chai inapoa na wafugaji wananung'unika mlangoni. Ijumaa moja Kanyua alichoka, akafuta kila kitu kwenye ile folda.

Jumatatu kompyuta iliwaka upesi. Mwenyekiti akavua kofia, wote wakainamisha vichwa wakiisubiri sala.

"Kanyua, sala iko wapi?"

"Nimeifuta, baba. Si mnaweza kuomba wenyewe?"

Mzee akamwashiria mweka hazina aombe. Mweka hazina akatazama viatu vyake.

"Irudishe," mzee akasema.

"Haipo tena, baba."

Hakuna aliyeomba, na bila sala hakuna aliyethubutu kuinua kichwa aanze kazi. Huko nje maziwa yakaanza kuchacha.